Posa ya Bi Margret

Jumapili, 5 Oktoba 2025

Siku ishirini na sita, halafu Ruwaida nyumbani. Nazikata kwenye kalenda ya jikoni kwa kalamu nyekundu. Miezi sita ya uanagenzi Geneva, makao makuu ya shirika zima la kimataifa la maji — mwanangu mimi, wa Likoni, ambako maji twaletewa kwa mkokoteni! Nimejisifu mtaani hadi Kache, jirani wa viazi karai, akiniona tu huuliza Geneva wasemaje.

Leo kapiga kwa video. Amekonda. Yeye asema ni kamera. Nyuma yake kulikuwa na mama mtu mzima, nywele nyeupe, amealikwa chakula — kumbe ndiye Bi Margret, mkubwa wake kazini. Nikamsalimu kwa Kiingereza changu cha ualimu, nikamwambia karibu Mombasa, nyumba ni yako. Neno la mdomoni tu, kama tusemavyo sote. Akaitika! Ana mkutano Shanzu wiki hii hii. Jumamosi atavuka feri aje, ana jambo la kuzungumza nami kuhusu Ruwaida.

Ruwaida akageuza uso. Jambo gani?

Jumatano, 8 Oktoba

Kosa langu: nimemwambia Kaka Mwinyihaji.

"Mtu mzima atoka Ulaya," kasema, "avuka bahari, aja kwa mama wa mwana kumzungumzia mwana. Hiyo ni posa, Sheikha."

Nikamwambia ni mambo ya kazi. Akasema mambo ya kazi huandikiwa barua. Anayekuja mwenyewe mlangoni ana haja nyingine. Labda huyo mama ana mtoto wa kiume. Nikacheka hadi chai ikanipalia. Yeye hakucheka. Tangu babake Ruwaida afariki, bila kuacha ndugu wa kiume, Kaka ndiye aliyeshika nafasi ya walii, ndiye mwenye kumwoza, na dhamana hiyo hana mzaha nayo.

Kaenda zake kutafuta pasi ya kanzu.

Alhamisi, 9 Oktoba

Na kama ni posa kweli? Sitaki mkwe wa kwenye barafu.

Nimefua mapazia. Nimeagiza samaki changu wawili wakubwa kwa wavuvi wa Shelly Beach. Ruwaida kapiga, simu fupi mno. Nikamuuliza huyo mkubwa wako ataka nini kwangu. Akaniuliza kama nimemeza dawa ya presha. Akikwepa swali namjua, tangu ana miaka minne.

Jumamosi, 11 Oktoba

Amekuja. Peke yake, kwa miguu toka kivukoni, jua la saa sita, uso umemwiva. Kaka alikuwa sebuleni tangu saa tatu, kanzu na kofia ya vito, pamoja na rafiki yake Mzee Awadh wa kushuhudia. Dele la kahawa mbele yao. Na udi nimefukiza mimi mwenyewe, nakiri.

Bi Margret alikula kwa mkono. Wali wa nazi ukamwagika mapajani, akaokota punje moja moja akala. Akasimulia kwamba Ruwaida akiitwa huitika "abee", na sasa ghorofa nzima ya ofisi, wanaume kwa wanawake, huitika "abee". Nilimpenda hapo hapo. Sikuwa nimepanga kumpenda.

Halafu akatoa boksi la chokoleti, limeyeyuka lote. Kaka akaninong'oneza: vitamu vimefika, barua ya posa iko wapi? Na wallahi mama wa watu akatia mkono mkobani akatoa bahasha! Kaka akanitazama kwa jicho la "nilikwambia nini".

Wanamtaka Ruwaida. Miaka miwili, kazi kamili, si uanagenzi tena. Mimi ndiye niliyekuwa nikitafsiri. Kaka akasikiliza hadi mwisho, kisha — kwake yeye anayemtaka ni shirika, na shirika nalo lina tabia zake — akauliza maswali yote ya posa bila kuruka hata moja. Mwana atalala wapi? Akiugua, nani atamuuguza? Ataachwa aswali? Hao watu wenu ni wakali? Nilitaka ardhi inimeze. Bi Margret akajibu moja moja, kwa utulivu. Mwisho akaniambia ameajiri watu miaka thelathini na hajawahi kuulizwa hivyo na mzazi yeyote, na kwamba ilifaa aulizwe.

Ndipo akasema lililomleta. Ruwaida ameshakataa. Wiki mbili zimepita. Sababu kaandika mstari mmoja: mama yuko peke yake. Hakuja kumshurutisha mtu, akasema. Alitaka tu mama mwenyewe ajue.

Kaka akaniuliza, "Asemaje?"

Nikamwambia asema wali mtamu.

Astaghfirullah. Miaka thelathini na mmoja darasani nikiwakataza watoto wa watu uongo.

Kaka akajiweka sawa akatoa jawabu la wazee. "Mwambie tumesikia na tumeheshimika. Lakini posa haijibiwi papo kwa papo. Atupe siku saba." Hilo nililitafsiri vizuri. Bi Margret akasema ofisi yamaliza jambo hili Jumatatu jioni, hana uwezo zaidi. Wakavutana kidogo, ikawa Jumatatu. Kaka akaweka mkono kifuani badala ya kumpa mkono, na Bi Margret naye akaweka wake kifuani. Barua akaitia Kaka mfukoni.

Jumapili, 12 Oktoba

Nimefurahi. Acha niliandike maana hapa hapana wa kunisoma: nimefurahi kwamba amekataa. Siku kumi na tisa. Anarudi, atanikatia vitunguu, ataninunia nikimuuliza anakwenda wapi, tutagombania remoti. Nampenda mtoto huyu hadi naona haya.

Asubuhi nzima nimefurahi. Mchana nikaanza kumfikiria akiandika ule mstari mmoja. Aliandika akiwa wapi? Alikuwa amekula?

Baada ya alasiri nikaenda kwa Kaka nikamwambia kweli yote. Nilitaka anigombeze, hakunigombeza. Alikaa akizungusha kikombe. Kisha akasema mimi na yeye twahangaika tutamjibu nini Bi Margret, na mwenye kuposwa hatujamuuliza.

Nikasema ameshajibu. Kaka akasema hapana, hapo alimjibia mamake.

Jumatatu, 13 Oktoba

Saa kumi na moja jioni. Kaka yuko hapa kando yangu. Simu iko mezani, nimeweka sauti kubwa, na naandika kwa sababu mikono yangu sijui niipeleke wapi.

Ruwaida ameamkia shikamoo mbili, yangu na ya mjombake. Nikamwambia najua ulichokataa na kwa nini. Akaanza: mama, mimi… Nikamkata. Nikamwambia mimi nina Kaka, nina Kache, nina darasa la watoto jioni. Nikaongeza darasa ambalo halipo. Kaka kanitupia jicho.

"Niondoe mimi hapo," nikamwambia. "Wewe mwenyewe wataka?"

Kimya.

Simu haikukatika, sekunde zaenda. Kaka akaashiria kwa mkono, muulize tena. Nimemuuliza tena.

Kimya.

Kwetu mwana akiposwa huulizwa mara tatu. Asiyetaka husema sitaki, na huyu wangu kusema sitaki hajawahi kushindwa — akikataa uji, mtaa mzima ulikuwa ukisikia. Anayetaka huona haya akanyamaza, na wazee wakisikia kimya wanaelewa, wanasoma fatiha.

Kaka ametoa barua mfukoni, ameinyoosha juu ya goti. Ameinua kidole kimoja: bado mara moja.

Mara ya tatu sikuuliza mimi. Ruwaida ndiye aliyeuliza. Anaongea polepole, kama mtu anayetembea gizani nyumba ya watu.

"Mama, na wewe waniruhusu?"

Nimenyamaza.

Kaka ameacha kunitazama, anatazama mlango.

"Mama?" Mara ya pili. "Waniruhusu?"

Naandika. Nimenyamaza.