Picha Isiyogeuzwa Ukutani

Zwide, Port Elizabeth
3 Aprili 1985

Mwanangu Mzukisi,

Salamu nyingi. Mimi mzima; wewe u hali gani huko Lesotho na baridi yao? Baba yako si mzima. Ulipokwisha kuvuka mpaka polisi walikuja, wakavunja mlango ambao haukufungwa hata kwa komeo. Wakamuuliza ziko wapi picha ulizopiga siku ile walipowamiminia watu risasi makaburini. Akawajibu, "Kamera mimi naijua wapi?" Wakamwangusha, wakamkanyaga mbavu kwa mabuti mpaka akatapika damu.

Barua hii inakuja kwa mkono, si kwa posta, basi nakwambia: filamu hawakuzipata. Nimezibandika kwa plasta nyuma ya picha yetu ya harusi, ile kubwa ya sebuleni. Mmoja wao aliitazama akacheka, "Kumbe bibi ulikuwa mrembo!" Mbwa yule.

Mama yako

Maseru
20 Aprili 1985

Mama mpenzi,

Nakuamkia kwa heshima. Barua yako imeniliza. Mpe baba pole, mwambie mwanawe anamwombea.

Wakili atakuja kuzichukua filamu kesi ya mauaji yale ikipangwa. Polisi wanaapa kwamba walishambuliwa. Filamu zinaonyesha watu waliopigwa risasi za mgongoni wakikimbia. Yumo na binti wa jirani yetu MaRadebe, kavaa sare za shule, nusu ya uso haipo. Zikipotea, kitabaki kiapo chao tu, na wale watu wataitwa wahuni milele. Mama, liwalo na liwe, mtu asiiguse picha ile.

Mwanao, Mzukisi

Zwide
2 Juni 1985

Mwanangu,

Salamu. Afya yangu usiiulize. Taya limevunjika, naandika kwa sababu kusema siwezi.

Baba yako amefariki. Ubavu ulitoboa pafu. Shangazi yako Nokhaya alikuja, akafunika kioo, akaanza kugeuza picha zote zielekee ukutani, kama ada ya nyumba yenye msiba. Alipofikia ile ya harusi nikampiga mkono. Ningefanyaje? Akiigeuza, filamu zinatazama sebule nzima, na vibaraka wa polisi wamo humo humo wakinywa chai yetu. Akanifokea mbele za watu: "Mume yuko kwenye sanduku, wewe bado wataka utazamwe urembo wako! Huna haya, wifi yangu MamTolo?" Iliniuma sana.

Siku ya mazishi, tukitoa jeneza nyumbani, polisi wakatuingilia na mabomu ya machozi. Wabebaji wakaliangusha jeneza, mfuniko ukafunguka. Makaburu wakaingia ndani, wakachana magodoro wakizitafuta filamu. Lakini aliyenitia hofu ni Mncedisi, konstebo mweusi mwenzetu, aliyekulia jikoni kwangu. Yeye mila anazijua. Akasimama mbele ya ile picha.

"Mama, hii mbona inatutazama? Si kuna msiba humu?"

"Mwache mume wangu awatazame waliomuua."

Akanipiga kitako cha bunduki, nikasikia meno yakikatika. Akanyoosha mkono kuishika fremu. Akautazama uso wa baba yako, akaushusha mkono. "Hapa hakuna kitu," akawaambia wenzake. Alimwogopa marehemu, mwanangu. Namshukuru Mungu kwa woga ule.

Juzi wakili alikuja, akazibandua filamu. Leo nimeletewa habari kwamba ziko salama, mbali nao. Nimemwita shangazi yako, nikamwonyesha plasta zilizobaki, nikamwandikia zilishika nini. Alikaa sakafuni akalia, akanishika miguu. Kisha tukaigeuza picha pamoja.

Sasa ndipo nimeanza kumlilia baba yako.

Mama yako