Si Jicho, Ni Mkate

S.L.P. 31,
Mutomo.
9 Novemba 1986

Mpendwa ndugu yangu Kiema,

Nakusalimu sana katika jina la Bwana. Habari za Kisumu? Mkeo Waruguru na mtoto hawajambo? Huku mvua imenyesha, kunde zimeota, na Mwaitu, mama yetu, bado anagombana na mbuzi.

Mimi napona. Kaa chini kwanza, Kiema. Halikuwa jicho baya. Ni mkate!

Unajua nilivyoteseka: malengelenge madogo kwenye viwiko, magoti na makalio, najikuna mpaka damu. Tukasema ni upele, tukachemsha blanketi za nyumba nzima, nikapakwa dawa nikanuka kama ng'ombe aliyetoka josho. Wapi! Ndipo Baba Mkubwa Kilonzo akaona kwamba kila ukija kututembelea, mimi nafura. Akakuita mwenye jicho baya mbele ya wageni. Ukachukua mfuko wako, na hujarudi tena. Iliniuma kuliko hayo malengelenge.

Sasa sikia. Daktari wa ngozi aliyekuja hospitali ya misheni alinikata kipande kidogo cha ngozi, kikapelekwa Nairobi kupimwa. Si upele, na ugonjwa huu hauambukizi. Ni mwili wangu wenyewe unaoipiga ngozi yangu, na kinachouchokoza ni ngano. Akaniuliza ngano naila lini. Nikacheka, kisha nikalia. Sisi ni watu wa muthokoi, mahindi yetu ya kukobolewa. Ngano ilikuja na wewe, ile mikate yako, maana nani atakuja nyumbani mikono mitupu?

Amenipa vidonge, na damu lazima ipimwe kila mara. Jirani alipoviona akaruka: "Si hivi ni vya ukoma?" Ni hivyo hivyo, na ukoma sina. Lakini sasa nalala usingizi! Waseme watakavyo, nameza. Chapati nazo nimeziaga, hata za harusi.

Kwa hivyo Krismasi uje. Lete sukari ukitaka.

Jumapili, nje ya kanisa, nilimwambia Baba Mkubwa waziwazi: mdomo uliomfukuza ndugu yangu ndio utakaomkaribisha, la sivyo Krismasi hii sipiki. Akachimba mchanga kwa fimbo. Mwishowe akauliza, "Atakuja na basi gani? Nitamngojea stendi."

Basi nijibu upesi. Mzee anataka kujua.

Mwaitu anakusalimu, na mdogo wetu Ndinda pia. Mungu awashike mkono njiani.

Dada yako akupendaye,
Syombua