Madirisha Yasiyofunguka

Kaka,

Madirisha ya boti uliyotuma yamefika. Mama hajambo, na rangi ya chumba cha chini cha boti mpya imekauka. Basi, habari njema zimeishia hapo.

Nani alikutuma ununue madirisha yasiyofunguka? Eti yanapendeza! Yatampendeza nani, samaki? Fundi alipachika moja tu, Mama akalisukuma kwa kiganja, likagoma. Akatoka nje upesi.

Umesahau tulimkuta wapi Baba, boti ya zamani ilipojaa moshi wa injini? Chini ya dirisha kama hilo, kucha zimevunjika.

Hayo yako yapo bandani, njoo uyachukue mwenyewe. Nimenunua ya shaba, yenye bawaba. Mama ameyafungua yote. Jana mvua ilinyesha mpaka godoro likalowa, na hakuna aliyethubutu kuyafunga.

Ni mimi mdogo wako, na sijapoa.