Shikamoo Niliyomnyima Baba

Alhamisi. Ukungu umetulalia tangu asubuhi, na nguo nilizofua juzi bado zina maji. Mimi nami sihisi kitu. Si huzuni, huzuni naijua.

Mwaka wa pili huu simwamkii baba yangu. Alimwacha mama mgonjwa kitandani akahamia Mnazi, kule tambarare, kwa mwanamke mwingine, akaja siku ya maziko ya mama amevaa koti jipya. Sasa amerudi huku milimani, anaishi kwa kaka yangu, nyumba ya tatu kutoka hapa. Kila siku anapita mlangoni kwangu kwenda na kurudi kwenye karoti zake, nami nainamia ndoo. Kwetu Usambaani, afadhali mtoto amtukane mzazi kuliko kumnyima shikamoo. Nilijua hivyo, ndiyo maana nikachagua adhabu hiyo.

Leo jumuiya yetu ya kanisa ilisali nyumbani kwangu. Zamu ya kusoma ilikuwa yangu, na somo lilitoka kwa manabii: mateka wa Babeli wanaambiwa watoke, warudi kwao. Mama Neema, kiongozi wetu, anapenda unabii wa vita na mwisho wa dunia, akaanza kuhesabu mataifa kwa vidole. Sikumfuata. Nilikuwa nawawaza wale waliobaki Babeli. Lango liko wazi, mlinzi hayupo, nao wamekaa tu kwa sababu wamezoea.

Muda wote huu nimesoma manabii nikiamini Babeli ni baba.

Kumbe yeye hanishiki popote. Ni mimi niliyekaa langoni, na nimechoka jamani.

Ningependa kuandika kwamba nililia. Sikulia. Niliwapa watu chai na viazi, nikaosha vikombe.

Walipoondoka tu, baba akatokea na jembe begani. Leo sikuinama. Nikafungua mdomo, neno likakataa kutoka. Akasimama, akaningoja kidogo, kisha akasema taratibu:

"Marahaba, mwanangu. Marahaba."

Akaenda zake.

Sikuwa nimesema kitu. Ndivyo wazee wanavyomjibu mtoto mdogo aliyesahau kuamkia, na mimi nina miaka arobaini na moja. Nimekaa jikoni tangu hapo, sijui kama amenihurumia au amenikaripia.

Kesho asubuhi sitamngoja afike mlangoni. Nitamfuata njiani nimwamkie, hata kama nitakuwa bado sihisi kitu.