Mstari wa Akina Mama

Mpanda,
Jumatano jioni.

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta salama hapo Katumba, wewe na Fabrice, na goti lako limetulia kidogo. Mimi ni mzima, ila nimechoka, mama. Nimeona nikuandikie badala ya kupiga, maana simu yako unaiweka sauti kubwa mpaka jirani anachangia mazungumzo. Barua anakuletea Arcade wa mashine ya kusaga. Isome mwenyewe, usimpe Fabrice akusomee.

Ulisema Jumamosi utakuja kuuza maharage huku sokoni, uone kazi yangu. Nimesikia umeshamwambia hadi mchungaji. Siku ile sikukujibu, nikasingizia mtandao. Sasa nakujibu.

Kazi yangu ni kukusanya ushuru. Wakala wa ushuru, ndiye bosi wetu, alinipa kizibao na mashine ya risiti, akanipangia mstari wa akina mama wanaouza chini: nyanya, dagaa, mihogo, kisamvu. Mwenzangu Innocent alipewa wanaume wa mitumba, naye kila siku anarudi na vijihela vya kuchekesha, kwa sababu wale wana mzigo begani, wakimwona tu wameshaingia vichochoroni. Wenye malori ya mahindi wanamalizana na wakubwa, sisi hatuwasogelei. Mama mwenye beseni na mtoto mgongoni atakimbilia wapi? Basi mstari wangu ndio unaojaza lengo la mwezi. Anayeuza mafungu mawili ya mchicha analipa sawasawa na mwenye meza iliyojaa. Kwenye kikao nikapigiwa makofi, na sikufichi, nilifurahi.

Akina mama hawakatai kulipa. Wanachouliza ni choo, maana soko letu halina choo wala bomba. Wanaume wanajisaidia nyuma ya ukuta na hakuna anayewashangaa. Wanawake hawanywi maji tangu alfajiri mpaka wamalize kuuza, na jua la huku unalijua. Nyanzala, yule Msukuma wa maziwa mgando, UTI imemlaza hospitali. Mimi naomba choo kwa mwenye duka, ananipa kwa sababu ya kizibao. Mwezi uliopita waliitwa mkutanoni wakaambiwa hela ya ushuru imetosha kufanya jambo moja, wachague. Wakasema choo, wote. Mafundi walipokuja wakajenga geti la chuma, ili mtu asiingie na mzigo bila kulipa. Nilimuuliza bosi, akanijibu kuwa geti linaingiza hela na choo kinakula hela, na kwamba mambo haya yanataka shule.

Ijumaa mama mmoja alikataa kulipa. Hakupiga kelele. Alisema choo ameshakilipia muda mrefu na hajakiona, kwa hiyo leo anapumzika kulipa. Wenzake wakacheka, kisha mmoja mmoja wakafunga hela zao kwenye pindo za vitenge. Bosi alikuwa amesimama getini ananiangalia. Amri ni kwamba asiyelipa anachukuliwa chombo. Nikainama, nikamwaga kisamvu chake chini, nikachukua beseni. Mstari mzima ukalipa.

Mama, ulinisimulia kwamba mama Dieudonne, mwenzako wa kwaya, kaibiwa beseni huku Mpanda, na ukimuuliza zaidi anageuza maneno. Hakuibiwa. Ni mimi. Alinitambua, na mimi nilimtambua kabla sijainama. Mama Dieudonne aliyetulisha mimi na Fabrice kipindi chote ulicholazwa! Sasa anakudanganya ili usinione vibaya, na Jumapili aliimba pembeni yako huku ananificha. Hilo linaninyima usingizi kuliko beseni lenyewe, na naona aibu, mama, aibu kubwa.

Naomba uende kwake. Usiniombee msamaha, hilo nitalifanya mwenyewe nikiweza kumtazama. Mwambie tu kwamba unajua, aache kujisumbua kwa ajili yangu.

Kazi siachi. Ada ya Fabrice inatoka humo humo, na ukiniambia niache nitakuuliza tutaitoa wapi. Jumamosi siwezi kukuzuia kuja. Ila nafasi iliyo wazi sokoni ni moja, ile aliyokuwa anakaa mama Dieudonne, na iko kwenye mstari wangu. Ukikaa hapo nitafika mbele yako na mashine, na bosi atakuwa getini. Tafadhali, siku hiyo usiniite mwanangu. Nitashindwa.

Nisalimie Fabrice, na majirani wote wanaoniulizia. Mungu awatunze, na goti lako lisikusumbue.

Ni mimi mwanao,
Prisila