Hedresti Mbili za Pikapu

Jumatatu, 2 Septemba

Nimefungua ofisi saa moja na nusu. Funguo sita ubaoni, magari sita uani. Mohamedi kachukua la kwenda Handeni kufuata alizeti. Mimi nimebaki kwenye kiti cha plastiki, kama kila siku tangu Mei. Miaka kumi na moja dereva, sasa mgawa funguo.

Shingo mbaya leo. Mtu akiniita kutoka kulia nageuka mwili mzima, kama niliyebeba ndoo ya maji kichwani.

Saa mbili akaingia mkuu wa usafiri, Bwana Hizza. Nikamwamkia shikamoo, maana ni mtu mzima na watu wanasikia. Akaitikia marahaba huku anaangalia simu. Gari lake jeupe kaliegesha chini ya dirisha langu. Kwenye viti vya mbele, hedresti zangu mbili, vile viegemeo vya kichwa. Naziona tangu asubuhi mpaka jioni.

Namchukia. Sina neno jingine.

Jumatano, 4 Septemba

Niandike hapa ilivyokuwa, kwa sababu kule ofisini umeandikwa uongo.

Februari Bwana Hizza alinunua hilo gari, la mtumba. Lilikuja bila hedresti za mbele. Pikapu niliyokuwa naendesha mimi ni ya aina hiyohiyo, vyuma vinaingia. Akazichomoa za pikapu, akaweka kwake. Nilimfuata mara tatu. Nikamweleza kwamba kichwa kinahitaji cha kukizuia, gari likigongwa nyuma. Mara ya tatu akacheka. "Hiyo ni mito tu, Vero. Kwani unataka kulala safarini?"

Machi, natoka Handeni na magunia ya mbegu. Pale Sindeni nikapunguza mwendo, kuna tuta. Lori likanigonga nyuma. Wala si kwa nguvu sana, mbegu hata hazikumwagika. Lakini kichwa kilikwenda nyuma, kikapita juu ya kiti, hakikukuta kitu. Nilisikia mlio shingoni. Wiki saba na kola ya shingo.

Kurudi kazini, nakuta taarifa ya ajali kwenye faili. Sahihi ya Hizza. "Dereva aliondoa mwenyewe viegemeo vya kichwa, na aliketi vibaya." Meneja wetu ni mgeni, alikuja Aprili. Alichokijua ni karatasi hiyo. Akaninyang'anya usukani.

Nilikana. Nikaambiwa nishukuru kuwa kazi bado ninayo.

Jumanne, 10 Septemba

Mama amenikanda shingo na mafuta ya moto. Hapa Ngombezi watu bado wanamuuliza kama mimi ndiye niliyevua hedresti nikajivunja. Hata mangi wa dukani. Mama kaniambia, mwachie Mungu. Nikamjibu kwamba Mungu ana kazi nyingi, hii nitaifanya mwenyewe.

Akafunga chupa ya mafuta, akaenda kupika.

Ijumaa, 13 Septemba

Leo nimefanya jambo.

Wanaume walikwenda msikitini. Bwana Hizza aliniachia ufunguo, gari lioshwe. Uani hakuna mtu. Nikachukua spana namba kumi na nne, nikafungua mlango wake, nikapiga magoti.

Kiti cha dereva kinakaa juu ya reli mbili, na reli zimefungwa sakafuni kwa boliti nne. Zikilegea, unafunga breki ghafla, kiti kinakurusha kwenye usukani. Au unakanyaga mafuta, kinakurudisha nyuma, miguu haifiki tena kwenye breki. Nayajua haya vizuri sana. Nikalegeza ya kwanza. Nikalegeza ya pili. Nilikuwa nimetulia kabisa. Hilo ndilo linalonitisha sasa.

Kwenye ya tatu nikainua macho. Hedresti ilikuwa juu yangu, na chini yake nikauona uzi. Uzi wa magunia, wa bluu. Mwaka jana kitambaa kilichanika, nikakishona mwenyewe kwa sindano ya ghalani. Mshono wangu, umepinda vilevile.

Nikakaa chini kwenye vumbi. Nikafikiri: akifa, ile taarifa inabaki. Sahihi yake inakuwa ya marehemu, na nani atambishia marehemu? Nitakuwa mwongo mpaka nife.

Simtaki amekufa. Namtaka mzima, amesimama, anasikia.

Nikakaza boliti zote. Nikazijaribu mara mbili. Nikaosha gari.

Alhamisi, 19 Septemba

Meneja katangaza. Jumatano ijayo mafunzo ya usalama, madereva wote. Namna ya kurekebisha kiti na kiegemeo cha kichwa. Bwana Hizza akasema mbele ya kila mtu, "Vero atufundishe. Yeye makosa ameyaonja."

Wakacheka. Mohamedi hakucheka, aliangalia viatu vyake.

Nikasema nitafundisha. Kwa furaha, nikasema.

Jumapili, 22 Septemba

Sikwenda kanisani. Nimefanya mazoezi ya kusema bila kulia. Kwenye kiti cha jikoni, mama akiwa dereva. Anakaa vibaya sana.

Jumatano, 25 Septemba

Imekwisha. Niandike.

Madereva tisa, meneja, Bwana Hizza, uani, saa nne. Nikamwomba Bwana Hizza gari lake, kwa kuwa ndilo safi kuliko yote. Alipendezwa. Akanipa ufunguo mwenyewe.

Nikafundisha kweli, sikuwaibia. Gari limesimama, halitembei. Ketisha makalio mpaka nyuma kabisa. Kanyaga klachi mpaka mwisho: goti libaki limekunjika kidogo. Mgongo wa kiti usilale kama kitanda. Mabega yagusane na kiti, kisha nyoosha mkono: kifundo cha mkono kikae juu ya usukani. Ukishavuta kiti, jisukume mbele na nyuma, usikie kimeng'ata kwenye reli. Hedresti mwisho. Juu yake ilingane na utosi, na isiwe mbali na kisogo. Ikikaa shingoni, ni kama haipo.

Kisha nikasema, tuione hii kazi yake. Nikabonyeza kitufe, nikaichomoa. Nikaigeuza.

"Meneja, naomba usogee. Huu uzi unaujua?"

Akainama. "Wa magunia yetu."

"Niliushona mimi. Hii ni hedresti ya pikapu. Na pacha wake yule pale."

Nikaenda kwenye pikapu, nikafungua mlango. Kiti kina matundu mawili matupu. Nikaichomeka. Ikaingia, tak. Kila mtu alisikia.

Bwana Hizza akasema, "Niliziazima tu. Nilikuwa nirudishe."

"Lini?" meneja akauliza. "Mbona umeandika alizivua yeye?"

Jasho lilimtoka mpaka kwenye kola ya shati. Nililitazama. Sikutazama pembeni hata kidogo.

Ndipo Mohamedi akaongea, polepole. "Mama meneja, siku anazichomoa nilikuwepo. Mimi ndiye niliyemshikia mlango."

Tangu Mei! Kanipita kila asubuhi, kachukua ufunguo mkononi mwangu, habari za kuamka dada Vero, shingo vipi. Na alijua. Nilitaka kumpiga na ile hedresti nyingine.

Ijumaa, 27 Septemba

Taarifa imeandikwa upya. Nimesomewa, nikaomba nakala. Bwana Hizza si mkuu wa usafiri tena, kapelekwa ghalani. Amepita na sanduku la vitu vyake. Nilimwamkia shikamoo kwa sauti ya juu, ofisi nzima isikie. Hakuitikia.

Nimefurahi. Sioni aibu kuandika. Nimenunua nyama, tumekula na mama mpaka tukalegea.

Mohamedi kaleta machungwa kutoka kwao Handeni. Nimeyapokea. Sijamwambia karibu.

Jumatatu, 30 Septemba

Meneja kanirudishia ufunguo wa pikapu. Nikaketi. Nikarekebisha kila kitu sawasawa. Nikawasha.

Kwenye geti, kabla ya kuingia barabarani, lazima uangalie kulia. Shingo ilifika nusu. Nikageuza mabega, mkanda ukanizuia. Nikajaribu tena. Pikipiki ilikuja sikuiona, nikaisikia tu ikinipita puani.

Nikarudisha gari. Nimelia chooni kama nusu saa. Nilidhani nikishamshinda nitapona. Nani aliniambia hivyo? Hakuna. Nilijiambia mwenyewe.

Alhamisi, 3 Oktoba

Nimemwambia meneja ukweli. Kasema basi niwe mkaguzi wa magari, kila asubuhi kabla hayajatoka. Nimekubali. Si usukani. Lakini si kiti cha plastiki.

Jumanne, 15 Oktoba

Asubuhi ya ubaridi. Mlima wa Lutindi haukuonekana kwa ukungu.

Nimekagua magari matano. Kwenye la sita, Mohamedi yuko kwenye usukani, wanakwenda Mkumbara kuchukua magunia matupu. Kiti cha abiria ameketi mtu wa ghalani. Bwana Hizza. Ni mrefu, na hedresti ilikuwa imeshushwa mpaka mwisho, inamgusa shingoni. Mwenyewe kaegemea tu, hata hajaigusa.

Nilisimama pale mlangoni. Ningeweza kuandika "sawa" na kuondoka. Hakuna ambaye angejua.

Nikapitisha mkono nyuma ya kichwa chake. Alikakamaa. Nywele zake zimeanza kuwa nyeupe kisogoni, sikuwahi kuziona kwa karibu. Nikabonyeza kitufe, nikaivuta juu, ngazi moja, mbili, tatu, mpaka ikalingana na utosi. Nikaitikisa. Imeshika.

"Ahsante, Vero," akasema, akiangalia mbele.

Sijamsamehe, na sijui kama nitamsamehe. Nikafunga mlango, nikagonga bati la gari, Mohamedi aende.

Kisha nikatia sahihi yangu kwenye karatasi, nikaingia ndani.