Mistari Mia Nne ya Baba

Jumatatu, 3 Novemba

Naandika kwa wino. Makusudi. Wino haufutiki hivi hivi.

Asubuhi Baba alisema, "Kamba." Alikuwa kitandani, uso kaelekeza dirishani. Nikasubiri tableti iseme kama siku zote: anaomba dirisha lifunguliwe. Badala yake ikasema, kwa ile sauti yake tulivu, "Mzee anaomba kamba."

Kamba! Tangu kiharusi, miezi kumi na minne sasa, kamba ni dirisha. Baba alipima ardhi miaka thelathini na moja. Kiharusi kilimwachia maneno ya kazi tu, na hayo nayo kikayavuruga. Bikoni ni maji. Kigingi ni mto wa kulalia. Ekari ni choo (hapo hata yeye alicheka). Kuitikia kwa kichwa hakusaidii: ukimuuliza lolote anaitikia, hata asichokitaka anakiitikia. Kwa hiyo tumeokota neno moja moja, mimi na huyu msaidizi wa kwenye tableti. Mimi nagundua, namwambia, anaandika kwenye faili lake la kumbukumbu. Mpaka wiki iliyopita mistari ilikuwa mia nne na kumi na miwili.

Nimelifungua faili. Mistari tisa.

"Mzee ni mpima ardhi mstaafu. Ana shida ya kusema. Hutumia maneno ya upimaji kumaanisha vitu vya nyumbani. Anapenda chai isiyo na sukari…" Kama tangazo la msiba!

Nikampigia kaka. Yeye yuko mji mwingine, saa nane kwa basi, lakini ndiye aliyetuwekea msaidizi na anaweza kuingia kwenye mafaili kutoka kwake. Akasema ndiyo, amelisafisha jana. Lilijaa mno, msaidizi akawa mzito kujibu. Kamwambia alifupishe.

La zamani umeliweka wapi?

Akaniuliza: "Kwani halijiweki lenyewe?"

Jumanne, 4 Novemba

Nimemwomba fundi wa kompyuta wa pale kazini kwangu, kiwanda cha uchapaji, aangalie. Tunamwita Redio, hazimiki. Leo alizimika. Amepekua nusu saa bila neno, mimi nimesimama nyuma yake na prufu, kurasa za majaribio, za kitabu cha hesabu mkononi.

Akasema faili lilikuwa linahifadhiwa juu ya lenyewe. Kila badiliko linakaa juu ya jana, jana inakufa. "Limeliwa, dada. Hakuna cha kufukua."

Akaniuliza kama nilitunza nakala popote.

Mimi! Msomaji prufu! Kazi yangu yote ni matoleo. Prufu ya kwanza, ya pili, ya tatu, kila moja na tarehe na sahihi yangu, kabati zima limejaa. Mwandishi akibadili koma naweza kumwonyesha aliibadili lini. Na maneno ya baba yangu mzazi niliyaacha kwenye faili moja tu, bila nakala. Kila jioni nahifadhi juu ya jana, naona nimefanya la maana.

Redio kaniambia niandike ninayoyakumbuka kwa kichwa. Nimekaa stoo ya karatasi, mlango nimefunga. Nimeandika sitini na moja. Sitini na moja! Mengine yote niliacha kuyakumbuka siku ile ile niliyoyaandika. Ndiyo maana nilikuwa nayaandika.

Alhamisi, 6 Novemba

Baba hali chakula.

Mchana nimempa mkate na supu. Akasukuma sahani, akasema, "Mnyororo." Mara tatu. Mnyororo haumo kwenye sitini na moja yangu. Tableti ikajibu bila kusita, "Mzee anasema ameshiba, ahsante."

Nikaondoa sahani. Akapiga meza kwa ule mkono mzima. Kikombe chini, vipande vipande. Akanitazama. Sijawahi kutazamwa hivyo na Baba, hata nilipofeli.

"Mnyororo!"

Tableti: "Mzee anashukuru kwa chakula."

Nikaizima. Nimefagia vigae huku nalia kama mtoto.

Ijumaa, 7 Novemba

Redio kanipigia kabla ya saa ya kazi. Kagundua kingine. Kumbe kaka hakugusa kumbukumbu tu. Kagusa na faili la maelekezo, lile linalomwambia msaidizi afanyeje kazi. Kulikuwa na mstari wangu, nakumbuka siku niliyouandika: *Usikisie. Usipojua, sema hujui, uniulize.* Haupo. Mahali pake pameandikwa: *Jibu kwa kifupi na kwa uhakika.*

Basi ndiyo maana. Siku nne anabuni, kwa uhakika! Na mimi namtii!

Kaka hapokei simu.

Jumamosi, 8 Novemba

Leo nimemvua Baba soksi nimwogeshe. Mguu wa kushoto. Kidole gumba cheusi. Cha pili kinafuata. Harufu.

Mnyororo ni maumivu. Nimekumbuka palepale nimeshika soksi. Mnyororo ni maumivu, tuliuandika mwezi wa Mei, jino lilipomuuma. Ulikuwa kwenye mia nne.

Siku mbili aliniambia. Siku mbili mtu mzima analia mguu, mimi naambiwa anashukuru kwa chakula.

Na soksi? Soksi nilikuwa nazibadilisha gizagiza, nakimbilia kazi. Hilo si la faili. Hilo ni langu.

Tuko hospitali. Nimeandikia gotini.

Jumapili, 9 Novemba

Daktari wa upasuaji ni mama mfupi, haongei sana. Kanitoa wodini mpaka ukumbini. Sukari imeharibu mishipa, kidonda kimepanda. Mguu ukatwe chini ya goti. Mwisho Jumanne. Ukisubiri zaidi sumu itaingia mwilini na hapo yeye daktari hatakuwa na la kuniambia.

Nikasema sawa, nitatia sahihi.

Akasema hapana. "Mzee akili zake anazo, nimemwona anavyofuata mazungumzo. Kukosa maneno si kukosa uamuzi. Mguu ni wake. Nataka nisikie kwake. Nikishindwa kabisa ndipo nitawauliza nyinyi, na mje na kauli moja."

Nikamwambia akimuuliza ataitikia kwa kichwa tu, hata akimuuliza kama anataka kuwa rubani. Akasema, "Basi nitafutieni neno."

Nitafutieni neno!

Alasiri shangazi, dada yake Baba, kaja na mfuko wa plastiki. Ndani karatasi kumi na moja. Nilisahau kabisa! Mwezi wa Machi aliniomba nimchapie maneno ya Baba kwa herufi kubwa, macho yake hayapendi tableti. Mistari mia moja na tisini na minane, imekunjwa, ina madoa ya mafuta. Nimemkumbatia mpaka akaniambia nimwachie, namvunja mbavu.

Lakini ni ya Machi. Na shangazi kaandika na yake kwa penseli, kila akimtembelea. Kafuta, kapachika, kachora mishale. Tumekaa kwenye benchi tukisoma. Tukafika kwenye "ramani."

Mimi, Machi: *Ramani: sitaki, niacheni.*

Penseli ya shangazi pembeni, bila tarehe: *Si hivyo. Ni: haya, fanyeni, ila polepole.*

Nikamuuliza aliandika lini hilo. Hakumbuki. Kabla ya mvua, labda baada. Nikamuuliza kwa nini. "Nilikuwa namkata kucha," akasema. "Alisema ramani, akaninyooshea mkono mwenyewe."

Na mimi nilikuwa nampa dawa chungu. Alisema ramani, akageukia ukutani. Mara nyingi tu.

Tumetazamana. Hakuna aliyekosea kusikia.

Jumatatu, 10 Novemba

Redio kaja hospitali asubuhi na kompyuta yake begani, kaomba ruhusa kazini mwenyewe. Kakaa kwenye kiti cha wageni kaanza kufanya lile tulilopaswa kulifanya mwaka jana. Kila faili sasa lina matoleo. Ukibadili neno, la zamani linabaki chini yake. Nani kabadili, lini, kwa sababu gani. Bila jina na sababu halikubali. Toleo la kwanza: karatasi za Machi. La pili: penseli ya shangazi. La tatu: sitini na moja yangu. Na juu kabisa, kwenye maelekezo, karudisha: *Usikisie.*

Tukamuuliza msaidizi: ramani maana yake nini?

"Sijui. Kuna maelezo mawili yanayopingana. Naomba mniambie."

Nilifurahi kusikia sijui! Nikaona nimekuwa mwendawazimu.

Saa sita kaka, aliyepigiwa na shangazi, kaingia na begi la safari. Amekonda. Sikumsalimu. Nikamwonyesha soksi, nilikuwa bado nayo kwenye pochi, sijui kwa nini. Nikamwambia yote pale pale, mbele ya wagonjwa wa watu. Kwamba ameufuta ulimi wa Baba. Kwamba eti msaidizi mzito! Uzito wa nini, sekunde mbili?

Akanivuta mpaka kwenye ngazi. Akasema, "Si uzito."

Akakaa kwenye ngazi, mtu mzima na koti lake zuri.

"Wewe umeandika darubini ni mimi."

Ndiyo. Darubini ni kaka. Hilo ninalo, namba tatu kwenye sitini na moja.

"Kila jioni nafungua faili nione mmeshindaje. Naona: *Leo kasema darubini, anauliza lini.* Kesho yake tena. Leo kasema darubini, katazama mlango. Nimehesabu, mistari ishirini na mitatu. Ukiandika tu, unaenda zako kulala. Mimi ndiye ninayesoma."

Nikamwambia ungekuja.

"Najua."

"Basi ukaona ufute."

"Nikamwambia afupishe. Sikusema futa. Nilitaka tu isiwe ndefu vile."

Bado nina hasira, lakini imekuwa na shimo katikati. Nilikuwa naandika ile mistari kwa ajili ya nani? Kwa Baba? Au nilijua kaka anasoma?

Nilijua.

Alipoingia wodini Baba alimtazama muda mrefu. Akasema, "Darubini." Hakuhitaji kutafsiriwa. Kaka akapiga magoti kando ya kitanda akaweka kichwa kwenye shuka. Baba akampigapiga mgongoni kwa ule mkono mzima, kama anayepoza farasi.

Nikatoka. Nikanunua maji. Nikarudi.

Jumanne, 11 Novemba

Homa imepanda alfajiri. Daktari kaja saa mbili na fomu. Kasema chumba cha upasuaji kiko tayari saa nne, wao wako tayari, imebaki Baba mwenyewe.

Kavuta kiti, kakaa macho sawa na macho ya Baba. Kamweleza polepole. Mguu. Tukate hapa. Kamgusa chini ya goti. Ukikubali utaishi, utatembea na mguu wa bandia ukijaliwa. Usipokubali tutakupunguzia maumivu, tutakaa nawe. Hatutakulazimisha.

Baba alisikiliza yote. Aliitikia kwa kichwa, kama kawaida yake. Halafu akautazama mguu, akamtazama daktari, akasema kwa sauti kavu:

"Ramani."

Daktari akatugeukia. "Kasemaje?"

Mimi nikasema, "Hataki."

Kaka akasema, "Kakubali."

Kwa pamoja! Mdomoni mwa kila mmoja wetu lilitoka lake. Shangazi kajifunika uso na kanga. Tableti ikasema haijui, na safari hii nilitamani kuitupa dirishani.

Nilitazama mkono wake. Haukunyooka. Uso haukugeuka ukutani. Alikuwa anatutazama tu, mmoja baada ya mwingine, kama mtu anayesubiri wanafunzi wamalize kubishana.

Daktari katutoa wote nje. Dakika kumi. Kasema tukirudi aidha tumepata njia ya kumsikia, au tumepata kauli moja, sheria inamruhusu hivyo, japo hapendi.

Tuko kwenye benchi. Kaka upande ule, mimi huku, shangazi katikati. Kaka anasema: wewe hutaki akatwe kwa sababu wewe ndiye utakayemwuguza. Nikamwambia: na wewe unataka aishi ili upate muda wa kumlipa siku ulizokosa kuja. Shangazi kasema nyamazeni wote wawili. Labda sote tumesema kweli.

Lakini Baba je? Sitini na moja, mia tisini na nane, mia nne. Hata lingekuwepo faili zima, je, lingesema? Mei ramani ilikuwa nini? Agosti? Niliandika sitaki mara moja tu, Machi, nikaliacha. Sikumuuliza tena. Mtu anabadilika, dawa chungu si mguu. Nani aliwahi kumwambia kwamba maana ya ramani yake tuliifunga Machi?

Kaka kaniambia sasa hivi, kwa upole, bila kunitazama: "Turudi. Tumwulize bila tableti. Tumguse mguu, tusubiri. Hata kama ni saa nzima."

Nimesema sawa. Daktari hana saa nzima lakini nimesema sawa. Nimebakiza dakika—

Muuguzi katoka mbio. Ananiuliza mimi ndiye fulani? Kanitajia jina langu. Nikasema ndiye, umelijua wapi? Anasema mzee analiita. Analirudia tangu tutoke.

Jina langu! Miezi kumi na minne hajalitamka. Kwake mimi sikuwa na neno, nilikuwa yule anayeandika. Kwenye Machi halipo. Kwenye penseli halipo. Nilikuwa nalingoja kila siku na sikuwahi kumwambia mtu.

Na hivi jinsi maneno yake yalivyo, sijui ananiita mimi, au hilo sasa ni jina la kitu kingine. La mguu. La hapana. La ndiyo.

Kaka kasimama. Kanishika mkono.

Nasikia kutoka hapa. Ni kweli analisema. Analisema vizuri, silabi zote. Nafunga daftari, naingia.